Toyota 110 inakunywa mafuta vibaya, sensa ya oksijeni nimebadilisha mara mbili na taa ya injini bado inawaka (Nakuru)

wanten_nakuru aliandika:

Habari za jioni wandugu. Niko na Toyota 110 ya 1998, injini ni 5A, gia otomatiki, nimekaa nayo miaka saba na sijawahi kuona maajabu kama haya. Kazi yangu ni ya kuzunguka, karibu kila wiki niko Kericho ama Kisumu, kwa hivyo mafuta ya hii gari nayajua vile mtu anajua chumvi ya jikoni kwake. Nikijaza tenki hapa Nakuru nishuke Kisumu kupitia Kericho, lita moja ilikuwa inanipa kilomita 12, siku zingine 13 nikienda polepole. Saa hii nikipata 8 hiyo ni siku nzuri. Eksozi ndani imekuwa nyeusi ukipitisha kidole kinatoka kama umeshika sufuria ya jiko la kuni, plagi zote nne ni nyeusi masizi makavu, na asubuhi nikiwasha uwanja wote unanuka petroli.

Taa ya injini ile ya njano ilianza kuwaka mwezi wa pili. Fundi akaweka waya kwa kile kisanduku kiko chini ya boneti akahesabu taa ikimeta, akasema ni 21, hiyo ni sensa ya oksijeni. Nikanunua ya eks-Japan 3,500. Taa ikazima siku tatu ikarudi. Akasema hiyo ilikuwa imekufa dukani, nikanunua ingine 4,000, hii ikakaa wiki moja na taa imerudi tena, ni 21 ileile. Sasa anasema itakuwa kompyuta ndio imeharibika na anataka 15,000 ya kompyuta ya kutumika.

Nauliza kabla sijatoa hizo pesa ju kusema ukweli sina. Na hii ndio gari inampeleka mama yangu kliniki kila mwezi, nimeanza kuogopa kuiamini barabarani. Kuna mtu amepitia hii?

section58_boy aliandika:

Boss chomoa hiyo sensa uifunge na tepu usahau. Mimi yangu ni 100 ya 1996 imekaa bila sensa mwaka wa pili na inatembea vizuri tu, hizo vitu ziliwekwa ju ya sheria za moshi za Japani sisi huku hazitusaidii.

MamaProbox_Kisumu aliandika:

Kaka yangu wa Section 58 naomba nikupinge kwa heshima. Ukichomoa sensa kompyuta inabaki kukisia, gari itatembea ndio, lakini itatembea na mafuta ya kukisia. Mimi Probox yangu inabeba mali Kisumu kwenda Busia mara tatu kwa wiki, hesabu ya mafuta ikiharibika kidogo tu faida yote imeisha pale Luanda kabla sijafika. Siwezi kuendesha biashara kwa kukisia.

Wanten nikuulize kitu kimoja, hebu kumbuka polepole, kabla taa ianze kuwaka ni kitu gani kiliguswa kwa hiyo gari? Hata kama ni kitu unaona hakihusiani. Yangu ilinisumbua karibu nusu mwaka na kila gereji wanasema sensa, sensa, sensa. Kumbe shida ilianza wiki moja baada ya kijana fulani kunishawishi atoe katalitiki, ile kitu ya kusafisha moshi iko na masega ndani, akasema gari itakuwa nyepesi na mimi nitapata pesa kidogo ya masega. Akakata, akachomelea bomba tupu. Pale alipochomelea palibaki tundu dogo hata kalamu haiingii, na tundu lenyewe lilikuwa karibu sana na sensa. Hewa ya nje ilikuwa inavutwa ndani na sensa inaiona. Sensa nilizonunua zote zilikuwa nzima! Nilipopata mtu akapaziba vizuri taa ilizima siku hiyo hiyo. Masega niliuza na sitarudia, moshi wa hiyo gari saa hii unauma macho na mimi ndio nakaa nyuma yake nikipanga mizigo.

Kwa hivyo fikiria. Ni nini kiliguswa?

fundi_wa_mulembe aliandika:

Mulembe wote. Niko Kakamega, hizi Toyota za miaka ya tisini ndizo zimenilisha miaka mingi kwa hivyo nitaandika kidogo mrefu mnivumilie.

Kaka wa Nakuru pole. Kompyuta usinunue. Hata sensa ya tatu usinunue. Kompyuta za hizi gari hufa mara chache sana, ukiona fundi ameanza kutaja kompyuta kabla hajashika mita ya umeme ujue amefika mwisho wa yale anajua na haoni njia ya kukuambia. Simlaumu ju spea ziko rahisi kuuza kuliko saa mbili za kupima, mteja analipa kitu anaona, kupima hataki kulipia. Lakini ni wewe umeumia.

Sensa ya oksijeni kwa gari kama yako haipimi petroli, watu wengi wanafikiri inapima petroli. Inapima oksijeni iliyobaki kwa moshi baada ya kuchomwa. Ikiona oksijeni imebaki nyingi inatoa umeme kidogo, karibu volti 0.1. Ikiona haijabaki inatoa karibu 0.9. Hapo katikati, 0.45 hivi, ndio mpaka, kompyuta inaongeza mafuta ikiona chini ya hapo na inapunguza ikiona juu, kwa hivyo sensa nzima kwa injini nzima haitulii, inapanda inashuka inapanda inashuka muda wote. Ikitulia mahali pamoja kwa muda kompyuta inaandika 21. Sasa sikia vizuri: 21 inasema kompyuta haijaridhika na ujumbe unaotoka upande wa hiyo sensa. Haisemi sensa imekufa. Inaweza kuwa imekufa, inaweza kuwa waya, na inaweza kuwa sensa inasema ukweli mtupu kuhusu hewa ambayo haikufaa kuwa hapo.

Rudia kuhesabu mwenyewe usiku ju taa inaonekana vizuri. Kile kisanduku chini ya boneti ukifungua kifuniko ndani yake kimeandikwa majina ya matundu, tafuta TE1 na E1, unganisha hizo mbili na kipande cha waya, kuwa mwangalifu usiguse +B, hilo ni tundu la umeme wa betri. Zima AC, gia iwe N, weka swichi ON bila kuwasha injini. Taa ya injini itaanza kumeta. Ikimeta haraka haraka bila kupumzika hakuna kitu kimeandikwa. Ikiwa kuna namba, inameta za tarakimu ya kwanza, inapumzika kidogo, inameta za pili. Meta mbili, pumziko, meta moja, hiyo ni 21. Usiache kuhesabu hapo, ngoja ju zinafuatana kuanzia ndogo. Mimi nashuku utapata 25 pia, na fundi wako hakungoja. 25 maana yake kompyuta inaona hewa imezidi mafuta. 26 ni kinyume chake, mafuta yamezidi. Zote andika kwa karatasi, halafu chomoa fyuzi ya EFI ya 15 ampea dakika moja urudishe ili zifutike, uendeshe siku mbili uone ni gani inarudi kwanza.

Halafu niambie hesabu ya waya za sensa. Kama ni moja, haina hita, inategemea moto wa moshi peke yake na inarudisha umeme kupitia mwili wa eksozi yenyewe, kwa hivyo kutu na zile waya za kuunganisha injini na bodi zinaingia kwa hesabu. Kama ni nne, mbili nyeusi ni za hita, ya bluu ni ya ujumbe, nyeupe ni ya kurudi, nazungumzia Denso. Hita unaipima na mita upande wa ohm ikiwa baridi, inafaa kuwa kama 11 mpaka 16 hivi. Lakini waya ya ujumbe USIIPIME na ohm hata siku moja, mita inasukuma umeme ndani na unaweza kuiharibu ile chembe. Hiyo pima volti tu.

Kuipima: endesha gari mpaka ipate moto kabisa, si kuwasha dakika tano uwanjani, endesha hata nusu saa. Sensa haianzi kufanya kazi mpaka ifike nyuzi kama 300 za selsiasi. Weka mita kwa volti, ncha nyeusi kwa nati safi ya injini, nyekundu kwa waya ya ujumbe, injini ikinguruma. Angalia inasema nini gari ikiwa imetulia tu. Kisha shika mzunguko wa injini kama 2500 kwa dakika, ukae hapo dakika moja na nusu uangalie tena. Halafu kanyaga ghafla uachilie. Mwisho chomoa mpira mmoja mwembamba wa vakyumu, hewa iingie, uone kama volti inaanguka. Sensa iliyokufa haisongi hata ufanye nini. Sensa iliyochoka inasonga kama mzee anapanda ngazi. Sensa nzima inaruka.

Na ni kitu kimoja kimenigusa kwa maelezo yako. Plagi nyeusi, masizi, harufu, hiyo ni injini inapewa mafuta mengi kupita kiasi. Mita ikikuambia sensa inasema hewa nyingi wakati plagi zinasema mafuta mengi, hizo mbili hazikai nyumba moja. Hapo usiguse sensa, tafuta mahali hewa inaingia kwa eksozi kabla ya sensa. Moshi hautoki mfululizo, unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo kuna mvuto mdogo unafyonza hewa ya nje kupitia ufa. Kwa mzunguko wa chini mapigo yako mbali mbali kwa hivyo inafyonza zaidi. Sensa inaona oksijeni, inaambia kompyuta mafuta ni kidogo, kompyuta inaongeza, injini inalowa, sensa bado inaona hewa ileile ya ufa, kompyuta inaongeza tena mpaka ifike mwisho wa ruhusa yake. Gari linakunywa mafuta na kila kifaa kiko kizima.

Na swali la mwisho, naomba usifiche: thamostati, ile kifaa inazuia maji ya injini kwenda redieta mpaka yapate moto, iko?

wanten_nakuru aliandika:

Fundi umenifanya nitoke nje usiku na tochi.

Umejua aje ya 25?? Ziko mbili, 21 na 25. Nimehesabu mara tatu.

Sensa ni waya moja. Nimeendesha mpaka Salgaa na kurudi ndio nikapima, nimeazima mita kwa kijana wa umeme hapa mtaani. Gari ikiwa imetulia inasema 0.1, 0.05, 0.15, inacheza hapo chini haipandi. Nikikanyaga ghafla inaruka mpaka 0.8 halafu inaanguka. Nikishika mzunguko wa juu kama ulivyosema inaanza kupanda na kushuka vizuri sana 0.2, 0.7, 0.3, 0.8 na mimi nikafikiri imepona, kuachilia tu inarudi 0.1.

Thamostati hakuna. Mwaka jana gari ilichemka tukipanda karibu Mau Summit, mama alikuwa ndani na mvua inanyesha, fundi mwingine wa pale akaitoa akasema huku juu ni baridi haina kazi. Na dada MamaProbox, kile kiliguswa ndio nimekumbuka: mwezi wa kwanza walitoa hedi, kile kichwa cha injini, kubadilisha gasketi, ju maji yalikuwa yanapungua. Taa iliwaka kama wiki tatu baadaye. Sikuwa nimeweka hizo mbili pamoja.

MamaProbox_Kisumu aliandika:

Hapo ndipo. Kutoa hedi lazima manifoldi ya eksozi, yale mabomba yanakusanya moshi kutoka kwa injini, ifunguliwe. Uliza kama waliweka gasketi mpya upande wa eksozi ama walirudisha ya zamani. Na mama yako pole kwa mvua ya Mau Summit, naijua hiyo baridi.

fundi_wa_mulembe aliandika:

Dada umenipokonya neno mdomoni.

Kaka hiyo sensa iko hai, tena iko hai vizuri. Sensa mfu haiwezi kuruka 0.8 ukikanyaga. Mzunguko wa juu inacheza, wa chini inaanguka, huo ni ufa kabla ya sensa, niko karibu na uhakika kama vile naiona. Kesho asubuhi kabla jua litoke, injini ikiwa imelala usiku mzima, toa bati la kuzuia moto lile limefunika manifoldi, nati zake zinaweza kukatika kwa kutu kwa hivyo nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu jioni hii. Mtu mwingine awashe, wewe sikiliza. Utasikia tak tak tak ama puf puf, inaenda na mzunguko. Mwenzako azibe mdomo wa eksozi nyuma na kitambaa kinene sekunde chache tu, sauti itaongezeka pale penye ufa. Unaweza kupitisha mkono kwa mbali usikie upepo, lakini una dakika moja ama mbili kabla chuma kiungue, usichelewe. Fanya nje, kamwe si ndani ya gereji imefungwa, moshi wa gari lenye mafuta mengi uko na gesi ya kaboni monoksidi, inaua na yenyewe haina harufu ya kukuonya.

Tafuta pia alama nyeusi za masizi kando ya gasketi, mara nyingi ufa unajichora wenyewe.

Hizi manifoldi za chuma cha kumwaga zinapasuka pale mabomba yanapokutana, nimeona nyingi. Zikichemka halafu zikamwagiwa maji ya mvua zinapasuka haraka zaidi.

mwalimu_ziwani aliandika:

Salamu kutoka Kisumu. Mimi nilifundisha umekanika chuo cha ufundi mpaka nilipostaafu, nimefuatilia haya mazungumzo kwa furaha maana ndiyo mambo niliyokuwa nikiwaambia wanafunzi na chaki mkononi.

Ningependa kuongezea juu ya thamostati, kwa sababu Nakuru na milima ya Mau inaidhulumu sana hiyo kifaa. Watu wanajua maji yanachemka nyuzi 100. Hiyo ni pale pwani. Nakuru ni kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, maji yakiwa wazi yanachemka karibu nyuzi 94. Ukipanda Timboroa unapita mita 2,700, hapo ni kama 91. Feni ya gari kama hilo inangojea maji yafike nyuzi 90 na kitu ndipo iwake. Sasa fikiria kifuniko cha redieta kimechoka, mpira wake umekauka, hakishiki tena shinikizo. Maji yatachemka karibu wakati uleule feni inaanza kufikiria kuwaka, pengine kabla. Dereva anaona mvuke, fundi anasema ni thamostati, inatupwa. Kosa lilikuwa kifuniko! Kifuniko kizima kinashika shinikizo, na maji yenye shinikizo hayachemki mpaka yapite nyuzi 110 hata kule juu.

Na thamostati ikitupwa, injini ya 5A katika baridi ya Molo ama Londiani haifiki moto wake. Thamostati yake hufunguka kama nyuzi 82. Bila hiyo, ukiteremka mlima maji yanakaa 60, 65. Kompyuta inaisoma hiyo kupitia sensa ya maji na inaamini gari limewashwa sasa hivi, inaendelea kuongeza mafuta ya kuamsha injini baridi, saa nzima, safari nzima. Na sensa ya oksijeni ya waya moja isiyo na hita nayo inapoa gari likisimama. Kwa hivyo ndugu yetu anaweza kuwa na magonjwa mawili yaliyokaa pamoja, ufa unaodanganya sensa na thamostati isiyokuwepo. Ukitibu moja utaona nafuu nusu, usikate tamaa.

Wanafunzi wangu walikuwa wanapenda kujua kwamba sensa hii si kitu cha juzi, Bosch waliitoa 1976 na Volvo ndio waliitumia kwanza katika magari ya kupeleka Marekani. Adui yake mkubwa zamani alikuwa madini ya risasi yaliyokuwa ndani ya petroli. Huku kwetu petroli yenye risasi iliondolewa mwanzoni mwa 2006, kwa hivyo yeyote aliyekuwa na gari la Japani kabla ya hapo huenda sensa yake ilikufa kifo cha polepole. Siku hizi adui ni mafuta ya injini yanayoungua, maji yanayovuja ndani ya silinda, na ile silikoni ya kuziba ambayo vijana wanapaka kila mahali. Mvuke wa silikoni ukipita kwa sensa unaiacha na unga mweupe kwenye ncha, na hiyo haisafishiki. Gasketi ya hedi ya ndugu yetu ilikuwa inapoteza maji, basi akitoa sensa aangalie rangi ya ncha. Nyeusi kavu ni masizi, yataungua yenyewe mafuta yakirudi sawa. Nyeupe ni habari mbaya.

omera_kibuye aliandika:

Samahani naingia kati, yangu ni NZE ya 2003, hii ya kusomwa na mashine. Imeandika P0135. Na mimi ninunue sensa ama nitafute ufa?

fundi_wa_mulembe aliandika:

Omera hiyo ni tofauti kabisa. P0135 ni hita ya sensa ya mbele, ni umeme tu, ufa hauhusiki. Chomoa soketi, pima ohm kati ya zile nyeusi mbili upande wa sensa. Ikisema haina mwisho, hita imekatika na hapo kweli nunua sensa. Ikisema 11 mpaka 16 sensa ni nzima, angalia fyuzi na kama kuna volti 12 inafika kwa soketi swichi ikiwa ON. Panya wa Kibuye wanapenda hizo waya.

Na ukinunua ya kutumika ipime kabla ya kulipa, hii nimeelezwa na mzee mmoja na imeniokoa pesa nyingi. Fundi wa friji ana ile tochi ya gesi. Shika sensa na koleo, mita nyeusi kwa mwili wake ama kwa ile waya nyeupe kama ni ya waya nne, nyekundu kwa waya ya ujumbe, choma ncha mpaka iwe nyekundu ikiwa imezungukwa na moto wote. Nzima itapanda juu ya 0.6, nyingi zinafika 0.8 ama 0.9. Ondoa moto, ianguke ndani ya sekunde chache. Isipopanda ama ikichelewa kuanguka mrudishie mwenye duka kwa upole.

section58_boy aliandika:

Nimesoma yote. Jumamosi narudisha ile yangu nione inasema nini, niko na mita. Asanteni, hii sikuwa naijua.

wanten_nakuru aliandika:

Nimerudi na habari, poleni nimekaa kimya siku kumi, nilitaka kuwa na uhakika kwanza.

Bati la kuzuia moto lilipotoka hata hatukuhitaji kitambaa. Manifoldi imepasuka pale mabomba mawili ya katikati yanakutana, ufa wa kama sentimita nne, na masizi yamechora mstari mweusi kando yake kama vile fundi alisema. Na gasketi ya eksozi ni ileile ya zamani, walipofunga hedi hawakuweka mpya, imeliwa upande wa silinda ya nne. Nimesimama pale nikaangalia huo ufa muda mrefu, ju nimefikiria zile 7,500 za sensa na ile 15,000 nilikuwa nimeanza kuitafuta.

Kuchomelea chuma cha kumwaga kijana mmoja alisema anaweza lakini mwingine akanieleza bila kukipasha moto kwanza na kutumia vijiti vya nikeli kitapasuka tena kando, kwa hivyo nikatafuta manifoldi ya kutumika nikaikagua juani pande zote nikaipata nzima. Gasketi mpya. Thamostati mpya ya nyuzi 82 na kifuniko cha redieta kipya, hicho cha zamani mwalimu ulisema kweli, mpira wake ulikuwa mgumu kama plastiki. Nimefuta namba kwa kuchomoa fyuzi ya EFI.

Vipimo: gari ikiwa imetulia sasa inacheza 0.1 mpaka 0.8 bila kusimama. Kwa 2500 nimehesabu inavuka katikati mara tisa kwa sekunde kumi, nilifanya mara mbili na mke wangu akishika saa. TE1 na E1 taa inameta haraka haraka tu, hakuna namba. Ncha ya sensa niliangalia, ni nyeusi kavu, hakuna weupe.

Jana nimeshuka Kisumu kupitia Londiani na Kericho. Sindano ya moto imesimama karibu katikati safari yote, zamani ilikuwa inaanguka kila mteremko na mimi nilidhani hiyo ni uzuri. Nilijaza Nakuru mpaka juu, nikajaza tena nikifika, na mizunguko yangu ya Ahero ikiwa ndani ni kilomita 190, imeingia lita 16.4. Hiyo ni 11.6. Plagi nimebadilisha pia ju zile zilikuwa zimejaa masizi sana, na huenda masizi yakiisha itapanda kidogo tena.

Fundi wa mulembe, MamaProbox, mwalimu, Mungu awabariki sana. Kesho kutwa tunaenda kliniki na mama.

Kitu kimoja kimebaki. Ile sensa ya kwanza kabisa, iliyokuja na gari kutoka Japani, nilikuwa sijaitupa, imekaa kwa buti imefungwa na gazeti. Nimeipeleka kwa fundi wa friji hapa mtaani tukaichoma na tochi. Imepanda 0.85 na kuanguka mara moja. Nimeirudisha kwa gari. Zile mbili za eks-Japan pia ziko hai, zote za waya moja, mtu wa Nakuru ama Kisumu mwenye 110 ama 100 anayehitaji anitafute kwa ujumbe wa ndani, lakini apime manifoldi kwanza.